Nondo za Wenceslao

Leobardo alizikata nondo huku akipiga mluzi. Mashine ya kukatia chuma alikuwa ameikodi mjini Puebla, miwani ya plastiki imembana pua, cheche zinamrukia viatuni kama fataki za sikukuu, na kila nondo iliyoanguka juu ya paa la mama yake ilitoa mlio aliouona mtamu.

Nguzo zilikuwa nne, moja kila pembe ya paa, na kwenye kila nguzo zilichomoza nondo nne zilizokwenda juu bila kubeba kitu, zikiingoja ghorofa ya juu. Kila nondo ilivikwa chupa ya soda kichwa chini, mvua isiingie na kutu isile chuma. Mtaa mzima wa San Bernabé ulikuwa hivyo. Ukisimama paani unaona msitu wa vyuma na chupa mpaka miguuni pa mlima Malinche. Chuoni, mwalimu wao alikuwa akionyesha picha za mapaa kama haya na darasa linavunjika mbavu. "Nondo za matumaini," mwalimu alisema, "ugonjwa wa taifa zima, nyumba zinazoogopa kwisha." Leobardo alicheka kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na la kuficha.

Sasa alikuwa msanifu majengo mwenye cheti ukutani na meza katika ofisi yenye vioo. Mama yake, Doña Crispina, alikuwa amekwenda hija kwa Bikira wa Juquila pamoja na akina mama wa parokia, na basi lao lingerudi Alhamisi jioni. Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa akiivizia. Katika siku hizo chache alikata nondo, akalainisha vichwa vya nguzo, akatandaza vigae vya udongo mwekundu juu ya zege la paa, akajenga benchi la matofali linalotazama mlima, akapanga vyungu vya maua. Mama yake alifua nguo za watu maisha yake yote, akazianika hapo juu kati ya nondo na nondo, wala hakuwahi kupata mahali pa kukaa akautazama mlima wake. Hii ilikuwa zawadi. Alitaka kuuona uso wake.

Alhamisi asubuhi, alipokuwa akifagia vumbi la mwisho, mlango wa barabarani uligongwa. Alikuwa Doña Obdulia, jirani wa ng'ambo, mama mnene mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hakuwahi kuuza samaki. Leo sauti hiyo hakuja nayo. Alikuja na mshumaa mweupe na kilo moja ya sukari.

"Niliona tangu jana," akasema. "Nikasema nisije mara moja, nikuache kwanza umalize."

"Umeona, Doña Obdulia? Paa limekuwaje?"

"Nimeona, mwanangu." Akamkumbatia kwa nguvu, vumbi lote likahamia kwenye shali yake. "Umefanya peke yako, bila hata mtu wa kukushikia ngazi. Mama yako anajua?"

"Hajui. Nataka akute tu."

Doña Obdulia akamwachia. "Akute tu? Hivi hivi?"

"Ndiyo raha yenyewe! Nataka niuone uso wake atakapopinda kona."

Mama yule akamtazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata mtoto. "Nyie mliosoma," akasema polepole, "sijui wanawatoa nini humo ndani ya kifua." Akauweka mshumaa na sukari juu ya meza, akavuka barabara bila kugeuka.

Leobardo alishangaa kidogo, kisha akasahau. Baada yake akaja Nabor, mwenye mashine ya kusaga mahindi pale kwenye kona, na mfuko wa maharage. Akampa mkono, akauzuia mkono ule kwa mikono yake miwili, akaondoka bila neno. Wakaja mabinti wawili wa jirani wa nyuma na maua meupe. Leobardo akayapanga maua kwenye chombo, akayapandisha juu, akayaweka kwenye benchi. Alijisikia vizuri mno. Miaka yote alidhani watu wa San Bernabé hawana jicho la uzuri, na kumbe walihitaji tu kuonyeshwa. Alianza hata kutunga kichwani maneno ya kuandika chini ya picha, maana paa hili alikusudia kulipeleka kwenye shindano la wasanifu vijana.

Kabla ya adhuhuri akaja Don Fidencio. Huyu alikuwa fundi mwashi aliyeijenga nyumba hiyo pamoja na marehemu baba yake Leobardo, na ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Wenceslao, kaka yake. Hakuleta kitu. Alipanda ngazi, akafika juu, akavua kofia.

"Wanamleta," akauliza, "au anazikwa hukohuko?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, kijana. Mimi ndiye niliyembeba siku anatiwa maji."

"Don Fidencio, sikuelewi hata kidogo."

Mzee akanyoosha kofia kuielekeza nguzo ya pembeni, ile ya upande wa barabara, iliyokuwa na kichwa laini kama yai. "Chuma hiki kinakatwa kwa jambo moja tu hapa kwetu. Mwenye kungojewa akiwa hangojewi tena. Don Celso alipopata simu ya msiba wa binti yake, Rosenda, alipanda siku ileile na msumeno wa mkono. Mtaa mzima tulisikia. Hata wewe ulikuwepo, ulikuwa unacheza gololi mlangoni kwake."

Leobardo akakumbuka. Alikumbuka sauti ya msumeno, ndefu, ikipumzika na kuanza tena, na mama yake akimvuta kwa sikio amrudishe ndani. Yeye alidhani Don Celso anatengeneza bomba.

Akayatazama maua meupe kwenye benchi, akaikumbuka sukari na maharage. Akaukumbuka mshumaa.

"Wenceslao hajafa," akasema.

"Una uhakika?"

Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu hakuwa na uhakika. Kaka yake alikuwa Marekani akiezeka mapaa ya watu, na Leobardo hakuwa amempigia tangu kabla ya Krismasi. Kila ngazi ya kile chuo Leobardo aliipanda juu ya mgongo wa Wenceslao. Karo, vitabu, bodi ya kuchorea, suti ya siku ya mahafali, vyote vilitoka kwenye mapaa ya watu wengine. Na yeye hakuwa na nafasi ya kupiga simu.

Akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Don Fidencio alikaa kwenye benchi jipya, kofia magotini, na wala hakusema ni benchi zuri. Akapiga tena na tena.

"Sema haraka," sauti ikasema hatimaye, na upepo ukivuma nyuma yake. "Niko juu ya nyumba ya mtu na msimamizi ananikodolea macho."

"Wences! Uko hai?"

"Mpaka saa ya chakula, ndiyo. Kuna nini? Mama?"

Don Fidencio alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakaanza kumtikisika. Leobardo akaeleza yote, nondo, vigae, benchi, mshumaa. Maneno yalimtoka kama mtu anayetapika.

"Kwa hiyo nimekufa," Wenceslao akasema. "Nani kaleta nini?"

"Wences, tafadhali."

"Nakuuliza. Nani kaleta nini?"

"Doña Obdulia kaleta sukari. Kilo moja."

"Kilo moja! Mchoyo yule! Mimi niliyekuwa nambebea mitungi ya gesi mpaka jikoni!" Akacheka, kisha kicheko kikapungua nguvu. "Na nani tena?" Leobardo akamtajia, mmoja mmoja, na kila jina kaka yake alilipokea kwa kuguna. "Maua pia? Wale watoto hawanijui hata sura. Walizaliwa mimi niko huku. Nilidhani hapo hakuna anayenikumbuka tena, zaidi ya Mama na chupa zake."

"Nisamehe, kaka."

"Nondo zile nilizifunga mimi, siku niliyoondoka. Basi linaningoja na mimi niko juu nakaza waya, Mama anapiga kelele nitachelewa. Mkono wangu wa mwisho nyumbani ni ule." Upepo ukavuma. "Sikukusomesha ili unizike, Leo. Zirudishe. Na mama asione paa lenye upara, unanisikia? Akiliona atadondoka palepale kwenye kona." Simu ikakatika. Msimamizi, bila shaka.

Don Fidencio aliteremka ngazi haraka kuliko umri wake, akasimama katikati ya barabara, akapaza sauti: "Yuko hai! Nimemsikia kwa masikio yangu! Yuko hai, ni huyu mjinga tu!"

Milango ikafunguka. Doña Obdulia alitoka na mwiko mkononi, sauti yake imemrudia yote.

"Yuko hai? Na mimi nimelia usiku kucha? Leobardo! Shuka nikupige na huu mwiko!"

"Yeye hatumii hata bunduki," akasema Nabor. "Anaua kwa vigae."

"Si alisema anataka kuuona uso wa mama yake? Mimi nikasema huyu mtoto ni shetani!"

"Nipe maharage yangu, basi, kama hakuna msiba!"

Walicheka mpaka wengine wakashikilia kuta, kile kicheko cha watu waliopona. Kisha mmoja wao akakumbuka basi, na kicheko kikaisha palepale.

Doña Crispina aliiacha simu yake nyumbani, kwenye droo, maana alisema Bikira hatembelewi na simu. Wanawake wenzake kwenye basi walikuwa na simu, na mtaa ulikuwa umekubaliana mtu yeyote asiwapigie mpaka wafike na kula kwanza. Leobardo akataka kupiga sasa, amwambie mama yake kwamba mambo ni salama.

"Mwanamke ukimwambia ndani ya basi kwamba mwanawe hajafa," akasema Doña Obdulia, "atauliza nani kasema amekufa. Na barabara ile ina makona. Acha."

"Basi nitamngoja kituoni nimweleze."

"Na anaposhuka atatazama juu kabla hajakutazama wewe," akasema Don Fidencio. "Kila siku anatazama juu. Hujawahi kuona?"

Hakuwahi kuona.

Nabor akasema kazi ni ndogo, wachomeke nondo ndani ya vile vyungu vya maua, wavike chupa, na kwa mbali zitaonekana vilevile. Kesho watafanya vizuri. Watu wakaitikia. Leobardo akasema hapana.

"Msanifu ameanza tena," mtu akasema.

"Hapana," akarudia, na sasa sauti yake ilikuwa imesimama. "Nondo isiyoshikana na ya chini haibebi kitu. Nimemkatia moja ya kweli, simrudishii ya uongo. Tutabomoa kichwa cha nguzo mpaka tuipate ile ya zamani, tupishanishe mpya na ya zamani ubavu kwa ubavu, tufunge kwa waya. Kama haitawezekana zote, basi iwe nguzo moja. Ile ya barabarani, anayoiona kutoka kwenye kona. Lakini moja hiyo iwe ya kubeba nyumba."

Don Fidencio alivaa kofia yake. "Tindo ninazo tatu," akasema. "Nani ana nyundo?"

Nondo ndizo hazikuwepo. Zile zilizokatwa zilikuwa vipande vifupi, havifai kupishanishwa. Ndipo Leobardo alipojifunza jambo ambalo vitabu vyake vyote havikumwambia: karibu kila nyumba mtaani ilikuwa na nondo zilizolazwa chini ya kitanda, zimefungwa kwa gunia, za ghorofa ambayo haijajengwa. Wakaanza kuzileta. Hii ya chumba cha mwanangu. Hii ya duka la mume wangu siku akirudi. Leobardo alizipima unene moja baada ya nyingine na nyingi akazikataa, nyembamba, nyembamba, hii imeliwa, na wenyewe wakanuna kidogo, wakarudi nazo.

Mwisho akapanda Don Celso. Mtu mrefu, mkimya, na ngazi ilimchukua muda kwa sababu alibeba nondo nne begani. Zilikuwa zimepakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa. Aliziweka chini taratibu, mbele ya Leobardo.

"Hizi zilikuwa za Rosenda," akasema. "Unene ni huo."

Leobardo akapiga magoti, akafungua kitambaa, akapima. Unene ulikuwa huo.

Kazi ya mchana ule haikuwa na uzuri wowote. Tindo na nyundo, zege likiruka vipande, vigae vyekundu vikivunjika chini ya miguu ya watu wengi ambao hakuna aliyewaomba wavue viatu. Leobardo alishika tindo mpaka viganja vikachubuka. Ndani ya nguzo, zege lilipofunguka, wakaikuta kazi ya Wenceslao: pete za waya zilizokazwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka, kila fundo limepindishwa mara moja zaidi ya inavyohitajika. Don Fidencio akagusa fundo moja kwa kidole. "Nilimwambia asipoteze waya," akasema, akapenga kamasi.

Walipishanisha nondo za Rosenda na za Wenceslao, wakafunga, na safari hii waya ulipindishwa mara moja zaidi na mzee hakulalamika. Zege likamiminwa kichwani pa nguzo. Doña Obdulia akaleta chupa alizookota jikoni kwake, akazivika mwenyewe, akiwa amesimama juu ya benchi la matofali.

"Angalau benchi lina faida," akasema.

Basi lilipiga honi kwenye mashine ya Nabor.

Kutoka paani walimwona Doña Crispina anashuka, mdogo, na kofia yake ya hija na kikapu. Akawaaga wenzake. Akapinda kona. Akatazama juu.

Alisimama. Mama yake aliitazama nguzo ya barabarani, chupa zake nne zikimeremeta kwa jua la jioni. Akatazama watu waliojaa juu ya nyumba yake, weupe kwa vumbi kama waokaji mikate. Akaweka kikapu chini.

"Nani kachukua chupa zangu?" akapaza sauti. "Zangu zilikuwa za kijani!"

Juu ya paa watu walipumua kwa pamoja.

Leobardo alimweleza mwenyewe, palepale kwenye benchi, bila kuficha hata mluzi. Mama yake alisikiliza huku anautazama mlima. Masimulizi yalipofika mahali pa mshumaa, alijishika shavu. Yalipofika kwa Don Celso, alinyanyuka, akamfuata alipokuwa amesimama pembeni, akamshika mkono, wakasimama hivyo wawili. Kisha akarudi.

"Sukari iko wapi?"

"Mezani, Mama."

"Ipikie kahawa, watu wamefanya kazi. Mshumaa weka droo ya jikoni, umeme ukikatika utafaa. Na maharage loweka." Akaketi tena, akapapasa benchi kwa kiganja. "Hapa ni pazuri. Sikatai. Lakini ungeniuliza, ningekuambia."

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba ni chumba cha mtu."

Walikunywa kahawa juu, kwenye vigae vilivyopasuka, vikombe havikutosha, wakapokezana. Wenceslao alipigiwa simu, kila mmoja akataka kumtukana kidogo kwa kutokufa, na yeye akamdai Doña Obdulia kilo nyingine. Leobardo alizunguka na birika, akamshukuru kila mtu kwa jina, hata Nabor, aliyejibu kwamba shukrani hazisagi mahindi lakini amezipokea. Aliposogea kwa Don Celso alimjazia kikombe tu, mpaka kikamwagika.

Ndipo Doña Crispina alipowasimulia hija. Kule, kabla ya kumfikia Bikira, mahujaji hukaa chini na kufinyanga kwa udongo kile wanachokiomba, wengine mtoto, wengine ng'ombe, wengine gari, na kukiacha hapo. Yeye alifinyanga nyumba.

"Yenye ghorofa," akasema. "Chini mimi, juu Wenceslao na mkewe na watoto. Nikaiwekea madirisha kwa kucha. Ikatoka nzuri, Leo, hata wewe ungeniajiri."

"Na juu kabisa, Mama? Uliezeka?"

"Juu nilichomeka majani ya msonobari. Manne kila pembe."

"Ya nini?"

"Nondo."

Leobardo akaweka birika chini. "Mama, lakini ghorofa ilikuwa imeshajengwa. Wote wamerudi. Nyumba imekwisha."

Doña Crispina alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa bila kuambiwa jambo la kwanza. "Imeishaje? Kwani Wenceslao hana watoto?"

Siku iliyofuata Leobardo hakurudi ofisini. Alipanda mapema na tindo ya Don Fidencio, akaanza nguzo ya pili. Picha ya shindano hakuipeleka. Lakini katika mchoro wa kwanza alioufanya baada ya siku zile, nyumba ya mwalimu wa shule kule Huamantla, alichora nondo juu ya kila nguzo, ndefu, na juu ya kila nondo chupa, na mkuu wake alipomwita na kumuuliza uchafu huu ni kitu gani, alimjibu kwamba hao ni watu ambao hawajafika.

Siku ile ya nguzo ya pili, mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi na ndoo ya maji, akisuuza chupa. Za kijani. Majirani waliziokota Leobardo alipozitupa barabarani, naye alikwenda kuzidai nyumba hadi nyumba na akazipata zote.

"Nguzo hiyo ikikauka niambie," akasema.

"Bado, Mama. Mpaka kesho."

"Mimi nipo," akasema, akaipindua chupa ichuruzike.